Kipimo cha chumvi kwa tangi la maji ya bahari: cha sindano, refraktomita au kalamu ya kidijitali?

Nemo wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Niende moja kwa moja kwenye mada. Nina tangi la maji ya bahari sebuleni na nataka kununua kipimo cha chumvi. Shemeji yangu yuko Dubai, anarudi Jumamosi, na amesema nimtumie jina kamili la kitu kabla hajafunga begi, maana mara ya mwisho nilimwambia "niletee pampu" akaja na pampu ya baiskeli.

Nimeona vya aina tatu. Kuna kiboksi cha plastiki chenye sindano, bei yake ya kawaida kabisa. Kuna refraktomita, ile ya kuchungulia kwa jicho moja. Halafu kuna kalamu ya kidijitali ya kuchovya, ambayo bei yake ilinifanya niweke simu chini kwanza. Ipi ni bora? Natanguliza shukrani.

Kolekole
Bora kwa nani, mkuu? Hujasema tangi ni la lita ngapi, ndani mna nini, maji unayatoa wapi, mfukoni una shilingi ngapi, wala mpaka leo ulikuwa unapima kwa kitu gani. Umekuja kuomba dawa, mgonjwa umemwacha nyumbani.

Pono
Refraktomita. Uzi ufungwe.

Fundi Sampu
Pono, wewe hata mtu akiulizia dawa ya mafua utamjibu refraktomita.

Mimi ni mtu wa kalamu, na nasema hivyo kwa sababu kazi yangu ni kuhudumia matangi ya watu, Mbezi Beach mpaka Upanga. Nachovya, naitikisa kidogo ili povu litoke kwenye kihisio, nasubiri namba itulie, naandika. Iwe usiku, umeme umekatika, mwenye nyumba haoni vizuri bila miwani, yote hayanihusu. Ninayotumia ni Hanna HI98319, inasoma kuanzia 0 hadi 70, yaani sehemu za chumvi kwa elfu, na joto inalirekebisha yenyewe. Hiyo refraktomita yenu ukichungulia wewe utasema 34, mkeo atasema 36, mtoto atasema anaona bluu.

Pono
Na betri ikiisha? Na kile kipakiti cha maji ya kuisetia, yenye kiwango cha chumvi kinachojulikana, cha kutumia mara moja na kutupa, Dar hii unakipata duka gani? Refraktomita haina betri wala waya. Matone mawili, fungua dirisha, chungulia, basi. Ukiifuta vizuri unamrithisha mtoto.

Fundi Sampu
Vipakiti naagiza vingi kwa mpigo tunagawana na wenzangu. Betri zipo mpaka kwa Mangi.

Nemo wa Tabata
Samahanini wakuu, nilikuwa nimekwama kwenye foleni. Tangi ni lita 200. Wamo nemo wawili, kamba msafishaji mmoja, konokono kadhaa na vipande vya mwamba. Maji nachota Coco Beach kwa madumu. Bajeti ni laki moja na nusu, nikibanwa sana laki mbili.

Kupima nilikuwa sipimi. Maji ni ya bahari yenyewe, sasa nipime nini tena? Ila siku hizi konokono wanajifungia kutwa nzima, na kamba alipojivua gamba akashindwa kutoka vizuri, mguu mmoja ukabaki humo humo. Jirani ndiye kaniambia nianze na chumvi. Huko mbele nataka kuweka matumbawe.

Kolekole
Haya sasa unaongea. Coco unachota saa ngapi, maji yakiwa yanajaa au yanakupwa? Maana masika hii Msimbazi unamwaga maji ya mvua pale Selander, na bahari yote ya karibu inapauka. Ukichota kwenye kupwa baada ya mvua kubwa, unaondoka na bahari iliyochanganywa na mji mzima. Subiri maji yajae kabisa, ikiwezekana siku za bamvua, na siku mbili tatu za jua ziwe zimepita. Au mpe mtu wa boti pale Msasani madumu akuchotee huko nje.

Nemo wa Tabata
Nachota asubuhi kabla ya kazini mkuu. Kujaa na kupwa sijawahi kuangalia.

Mzee Ngalawa
Vijana, mnagombania betri na lenzi, kitu cha kioo hata hamkitaji. Haidromita ya kioo, ile ndefu inayoelea wima kwenye silinda, haina sindano ya kukwama wala skrubu ya kulegea. Unaiacha itulie, unainamisha jicho usawa wa maji, unasoma pale uso wa maji unapokatiza shina. Sio pale maji yanapojikunja kupanda kwenye kioo, hapo utadanganyika. Yangu ni ya Tropic Marin, watoto wangu walikuwa shule ya msingi, leo wana watoto wao.

Sharti ni moja, angalia imetengenezwa kwa joto gani. Yangu imeandikwa 25.

Kolekole
Shikamoo mzee. Hiyo kitu ikipita kwenye begi la shemeji kutoka Dubai itafika imekuwa vipande.

Mzee Ngalawa
Marahaba. Aivingirishe kwenye fulana. Yangu nilikuja nayo ndani ya soksi.

Maabara Kwanza
Hilo la joto mzee kaligusa juu juu, nami nitalichimba kidogo, maana mtu anaweza kusoma hapa akaenda dukani kununua haidromita yoyote. Zile za kioo zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara nyingi zimetengenezwa kwa nyuzi 15 au 20. Tangi la Dar lisilo na kipoza linakaa 28, 29, mwezi wa pili hata 30. Maji moto ni mepesi. Maji halisi ya bahari, sehemu 35 kwa elfu, ukiyapima yakiwa nyuzi 29 kwa haidromita ya nyuzi 20, yatasomeka pungufu kwa zaidi ya sehemu tatu. Mtu anaona 32, anamwaga chumvi. Hapo amefidia joto kwa chumvi.

Na Pono asichekelee. Refraktomita nyingi za bei ya chini zina herufi ATC ubavuni, maana yake zinarekebisha joto zenyewe, lakini ukisoma karatasi yake utakuta marekebisho hayo ni kati ya nyuzi 10 na 30. Sebule ya Tabata saa nane mchana mwezi wa pili ni ngapi?

Pono
Pima asubuhi.

Mama Tumbawe
Naona kiboksi cha sindano hakina wakili humu. Niwasimulie kilichotokea kwenye hoteli moja ya huku pwani, jina nalihifadhi.

Walikuwa na tangi mapokezi, kubwa, samaki wazuri, kamba, nyota bahari wawili wekundu ambao watalii walikuwa hawaachi kuwapiga picha. Kipimo chao kilikuwa hicho kiboksi. Mhudumu kila wiki anajaza maji mpaka kwenye mstari, anasoma sindano, anaandika kwenye daftari. Daftari niliona mwenyewe, mwandiko safi, mistari imepigwa kwa rula. Inaanza 1.025, yaani uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu. Baadaye 1.024. Baadaye 1.023. Meneja akasema chumvi inapungua, ongezeni. Wakaongeza, sindano ikapanda, wakafurahi. Baada ya muda ikashuka tena, wakaongeza tena. Chumvi tangini haipungui hivi hivi jamani, maji ndiyo yanayokwenda hewani, chumvi inabaki. Hilo peke yake lingewashtua.

Wa kwanza kuondoka walikuwa kamba. Nyota bahari wakaanza kuyeyuka kwenye ncha za mikono kama sabuni iliyoachwa kwenye maji. Samaki wanahema haraka haraka. Wakadhani ugonjwa, wakamleta mtu akaweka dawa. Ndipo wakaniita mimi.

Nikaweka tone kwenye refraktomita: 41 kwa elfu. Nikafikiri yangu ndiyo imeharibika, nikaijaribu kwa maji ya kusetia, iko sawa. Nikachukua kile kiboksi nikakiangalia kwenye mwanga wa dirishani. Ile sindano ilikuwa na ukoko mweupe, mwembamba, pale kwenye mhimili na kwa chini yake. Huwezi kuuona kikiwa kimejaa maji. Ukoko ule ni uzito, sindano inashindwa kupanda, inasoma chini. Nikakilaza kiboksi kwenye siki nyeupe usiku kucha, asubuhi nikakisuuza kwa maji baridi, nikakigongagonga povu litoke. Sindano ile ile, maji yale yale, ikapanda mpaka inakaribia 1.031.

Kuyashusha ilibidi twende taratibu, unatoa ndoo unaweka ndoo, maana ukiyashusha kwa siku moja unawaua waliobaki. Nyota bahari wote wawili walikufa. Mhudumu walitaka kumkata mshahara, nikawaambia kijana aliandika alichoona.

Kibua
Pole dada. Ila hapo kosa ni la kifaa au la watu? Kingesuuzwa kila baada ya kupima kisingeshika ukoko. Mimi nacho, nakisuuza, nakilinganisha na refraktomita ya rafiki yangu kila baada ya muda, kinapishana kidogo sana. Kwa mtu mwenye samaki tu kinatosha kabisa.

Mama Tumbawe
Na povu? Kapovu kamoja kakishika kwenye sindano kanainyanyua, inasoma juu. Ukoko unaishusha, povu linaipandisha. Siku vikikutana vyote viwili itasoma sawasawa kwa bahati mbaya.

Kibua
Ndiyo maana kinagongwagongwa, kama ulivyofanya mwenyewe.

Halafu dada wewe ulikilinganisha na refraktomita yako mwenyewe. Sisi wenye refraktomita ya kuazima tufanyeje? 😂

Mie sitaki refraktomita za mtandaoni tena. Niliagiza moja, picha inaonyesha mstari wa bluu na samaki pembeni, ikaja skeli ya Brix. Brix ni sukari! Muuzaji namwandikia ananijibu "ni ile ile boss, zote zinapima maji". Sasa hivi iko Kilombero kwa mjomba, anapimia utamu wa miwa, na anaisifia kweli kweli.

Pono
Hii ni ya maana, Nemo mwandikie shemeji hivi hivi: ndani ya skeli upande mmoja paandikwe 0 hadi 100, upande mwingine 1.000 hadi 1.070. Akiona Brix arudishe. Akiona namba za mkojo na damu arudishe, hizo ni za hospitali, na kwa nje zinafanana kama mapacha.

Puju
Wadau, mnateseka bure. Mafundi betri pale Gerezani wana kipimo cha kunyonya kwa mpira, kina kielea ndani, bei ya maji. Si nacho kinapima uzito wa maji?

Fundi Sampu
Kinapima uzito wa asidi, kaka. Skeli yake inaanzia 1.100 kwenda 1.300. Maji ya bahari ni 1.026. Kielea kitazama mpaka chini, na kama hakikusuuzwa umewapelekea samaki asidi ya betri.

Chumvi Kunduchi
Na sisi wa mashamba ya chumvi tusisahaulike. Kwetu tunapima kwa Baume, skeli nyingine ya uzito wa maji. Bahari yenyewe ni kama tatu na nusu, unaihamisha bwawa hadi bwawa, ikikaribia 25 chumvi inaanza kuganda chini. Ninazo haidromita za Baume mbili, mleta mada akitaka anione.

Maabara Kwanza
Skeli ya 0 hadi 30 au zaidi, na yeye anataka kutofautisha 33 na 35 kwa elfu. Kwenye hiyo tofauti yake ni kama mstari wa penseli. Baki nayo shambani mkuu.

Sasa niseme nililolijia, maana mnabishana kana kwamba vifaa hivi vinapima kitu kimoja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopima chumvi. Haidromita, ya kioo au ya sindano, inapima uzito wa maji. Refraktomita inapima mwanga unavyopinda. Kalamu inapima umeme unavyopita. Halafu kila kimoja kinageuza kipimo chake kuwa namba ya chumvi. Kwa hiyo swali la kwanza ni utajuaje kama kimegeuza sawasawa, na hapo ndipo maji ya kusetia yanapoingia.

Ya kununua ni mazuri. Usipoyapata, unayatengeneza jikoni. Vipimo hivi vinatokana na mkemia wa Marekani, Randy Holmes-Farley, na wafugaji wa matumbawe wanavitumia dunia nzima. Kwa refraktomita, gramu 36.5 za chumvi ya mezani kwenye gramu 963.5 za maji safi, inatakiwa isome 35. Kwa haidromita unaongeza kidogo, gramu 37.1 kwenye 962.9, upate 1.0264. Kwa kalamu unapunguza, gramu 32.9 kwenye 967.1, hiyo inapitisha umeme sawa na bahari ya 35, milisimensi 53 kwa sentimita kwenye nyuzi 25. Tazama namba zilivyo tofauti. Chumvi ya mezani sio chumvi ya bahari. Bahari ina magnesiamu, salfeti na ndugu zao, na kila kifaa kinaziona kwa jicho lake.

Ndiyo maana refraktomita iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi ya mezani itasoma 36.5 kwenye bahari ya 35 na mtu atadhani bahari imezidi.

Kolekole
Mizani ya kupima gramu 36.5 nani anayo nyumbani? Ya mama watoto inaruka kutoka 36 hadi 37.

Maabara Kwanza
Sonara yeyote mjini anayo. Nenda na chumvi yako kwenye mfuko, omba akupimie. Atakucheka, lakini atakupimia. Chumvi iwe ile laini ya pakiti, kavu. Ya mawe ina unyevu na mchanganyiko mwingine, usiitumie kwa hili.

Mzee Ngalawa
Sonara akiona unga mweupe kwenye mfuko atapiga simu polisi.

Fundi Sampu
😂😂 Mzee!

Maabara, mimi nina swali la kweli. Refraktomita wengi wanaiseti kwa maji matupu iwe sifuri, wanaondoka. Kwa nini unawasumbua na 35?

Maabara Kwanza
Kwa sababu hupimi maji matupu. Kifaa cha bei ya chini kinaweza kuwa sawa kabisa kwenye sifuri na kikapotea sehemu mbili kikifika 35. Kiseti pale unapokitumia.

Kibua
Na hiyo sifuri wengine wanatumia maji ya betri kutoka sheli. Yanafaa?

Fundi Sampu
Yale ya kuongezea, yaliyotoneshwa, yanafaa. Sio yale makali. Soma kopo kabla hujamwaga, vijana wa sheli yote wanayaita maji ya betri.

Nemo wa Tabata
Asanteni sana, naandika yote. Kwa hiyo kama nimeelewa, nichukue refraktomita yenye 0 hadi 100, au kalamu nikiongeza hela? Shemeji ananiuliza refraktomita inatumia chaji ya aina gani.

Na kuna rafiki ameniahidi vipande vya matumbawe kutoka Bongoyo, hivyo ningependa kipimo kitakachofaa na hayo.

Mama Tumbawe
Huyo rafiki mwambie abaki nayo ahadi yake. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975. Hung'oi tumbawe pale, hata dogo.

Puju
Dada, watu wanachukua kila siku.

Mama Tumbawe
Na ndiyo maana ukizamia upande mwingine unakuta kifusi. Usinianzishe.

Kolekole
Tusitoke nje ya mada. Nemo, kuna kitu bado hujasema. Tangi la lita 200, feni sebuleni, joto la Dar, maji yanapungua kila siku. Unajazia maji gani?

Nemo wa Tabata
Ya kisima cha hapa nyumbani mkuu. Kama lita tatu kwa siku hivi. Yana chumvichumvi kidogo tu, ya kufulia na kuoga, ila sabuni haitoi povu sana.

Kolekole
Haya.

Fundi Sampu
Uzi mzima tunahangaika na lenzi, kumbe jibu liko kisimani.

Maabara Kwanza
Tufanye hesabu. Tuseme kisima kina gramu 2 za chumvi kwa lita, na visima vingi vya Dar kufika hapo sio ajabu. Lita tatu kwa siku ni gramu 6. Kwa mwezi gramu 180, kwenye lita 200 unapandisha karibu sehemu moja kila mwezi. Ulianza na 35 ya Coco, baada ya miezi sita uko 40, na konokono wamefunga milango. Sio lazima kisima chako kiwe na 2, kinaweza kuwa na nusu yake au mara mbili, lakini mwelekeo ni huo huo, kupanda tu. Kinachopotea hewani ni maji matupu, kwa hiyo kinachorudi kiwe maji matupu.

Kibua
Lakini kama alichota Coco kwenye kupwa baada ya mvua, labda alianza na 30, kisima kikampandisha mpaka 35. Huenda yuko sawa kabisa na konokono wana shida nyingine!

Maabara Kwanza
Inawezekana. Ndiyo maana ya kupima.

Fundi Sampu
Kwa kisima hicho kuna kalamu ya TDS, ile nyembamba, bei ndogo mno. Itakwambia maji unayojazia yana kiasi gani cha chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka. Ila usiichovye tangini. Nyingi zinaishia 9,990 na bahari iko kwenye 35,000 huko, itakuandikia kosa na utaanza kuuliza tena humu.

Pono
Kwa hiyo anunue refraktomita na kalamu ya TDS. Vyote viwili kwa pamoja havifiki bei ya kalamu ya Fundi.

Fundi Sampu
Na atakayemsomea nani, wewe? Mtu aliyechota maji bila kuangalia kujaa na kupwa, leo atakumbuka kuseti skrubu kwa bisibisi ya miwani?

Pono
Na kalamu nayo inasetiwa. Usimdanganye mwenzio kuwa ni ya kuchovya tu.

Mzee Ngalawa
Ya kioo haisetiwi.

Nemo wa Tabata
Wakuu mmenivuruga kwa upendo. Kwanza maji ya kujazia. Maji ya kiyoyozi je? Kule ofisini kuna bomba linadondosha ndoo nzima kwa siku, yanamwagika bure.

Mama Tumbawe
Usithubutu. Yale maji yanapita kwenye koili za shaba. Shaba kidogo tu inaua kamba na konokono, na matumbawe hayatakaa.

Puju
Mimi natumia ya kiyoyozi miaka yote, nemo wangu wanataga.

Mama Tumbawe
Una kamba?

Puju
Sina.

Mama Tumbawe
Ahaa.

Kibua
Maji ya mvua vipi? Masika hii ni bure, na hayana chumvi.

Kolekole
Kwenye bati lipi? Lenye kutu, lililopakwa rangi, lenye kinyesi cha kunguru? Kunguru wa Dar unawajua. Nunua madumu ya maji yaliyochujwa kwa RO, ile mashine ya utando inayoondoa chumvi, siku hizi mitaa mingi kuna mtu anauza. Pima kwa hiyo TDS kabla ya kulipa, wengine wanauza ya bomba na kibandiko.

Nemo wa Tabata
Sawa. Shemeji kasema dukani alipo refraktomita ziko mbili, moja ina ATC nyingine haina, na kuna kalamu lakini vipakiti vya kusetia vimeisha. Anafunga begi kesho jioni. Nampigia baadaye.

Pono
Yenye ATC.

Fundi Sampu
Kalamu. Vipakiti njoo uchukue kwangu, nikuuzie vitatu.

Mzee Ngalawa
Muulize kama wana ya kioo.

Baba Sato
Habari za humu. Mimi ni mgeni jukwaani, nipo Mbagala, nina bwawa la sato, maji ya kisima. Nimesoma uzi wote. Je, na mimi nahitaji hii refraktomita? Maana sato wangu hawakui kabisa.

Kolekole
Karibu sana Baba Sato. Bwawa la ukubwa gani, sato wangapi, unawalisha nini?

Baba Sato
La kawaida tu.